Kuupa Mlango Mgongo

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililichukua masjala siku waliyoniaga. Wao walinipa khanga na keki. Daftari nilijipa mwenyewe. Baada ya kutunza mafaili ya watu wengine mjini Morogoro kwa miaka thelathini na minne, naona kurasa mia mbili ni haki yangu.

Nimepanda kwa Mama juzi. Ameteguka nyonga akichimba magimbi, na kwa miaka yake themanini na mitatu alitakiwa awe anachimbiwa. Nilimwambia ashuke nami Kihonda, nyumba yangu ina umeme na bomba. Akanijibu, "Wewe Jesca, mimi siendi kukaa mahali sina hata mgomba mmoja." Basi nitakaa naye masika yote. Binti yangu Jane yuko Mzumbe chuoni, hanihitaji ila vocha inapokwisha.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Mama anakula akiwa ameegemea ukuta, macho mlangoni. Amekula hivyo maisha yake yote na ndivyo alivyotulea. Leo nilijisahau nikaupa mlango mgongo, akanichapa mkono kwa mwiko. Nina miaka sitini.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa Mjomba Benedikto alituita tubaki. Ndiye mkuu wa ukoo wetu, au lukolo kama tunavyouita ukoo huku; kwa Mama ni kaka wa ukoo tu, hawakuzaliwa tumbo moja. Kijiji kinapima mashamba na kutoa hati za kimila, na katika mlima huu ardhi inapita kwa mama: unalima hapa kwa sababu mama yako ni wa ukoo, na mama yake, na mama yake tena. Kwa hiyo kila nyumba ilete mstari wa mama zake mpaka kwa yule wa kwanza. Kikao ni Jumamosi ya tarehe 24 Mei, mvua zikipungua.

"Ambaye mstari wake utakatika," alisema, "shamba linarudi kwa ukoo."

Hakumtazama Mama. Kule kutomtazama ndiko kulikonitia wasiwasi, maana shamba la Mama lina mikarafuu, pilipili manga, na chemchemi pekee upande huu isiyokauka kiangazi. Shamba la Mjomba limepakana nalo, na halina maji.

Mstari wetu ni huu: mimi, mama yangu Agnes, bibi yangu Katarina, na mama yake Katarina, Felisita, aliyezikwa nyuma ya jiko. Hapo unaishia. Nilimuuliza Mama nani alimzaa Felisita.

"Mama yake."

"Mama yake nani?"

Akaomba nimpe chumvi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Bati linavuja sehemu tatu, sufuria ziko mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimefanya kazi ya maana! Nilishuka hadi misheni ya zamani, ile waliyoijenga mapadri wa Kifaransa kabla Mjerumani hajafika milimani huku. Sista anayetunza vitabu alinikalisha saa mbili mbele ya kitabu cha ubatizo kilicholiwa na mchwa pembeni. Kilatini kitupu, wino wa kahawia, majina kumi na mawili kwenye ukurasa mmoja, yote ya mwaka 1887. La tatu: Felisita. Nilitaka kupiga vigelegele mle ndani. Jina, namba, tarehe, kitabuni! Mtu wa masjala anataka nini tena?

Sista alinitolea kopi mbili za ukurasa mzima. Moja nimeipeleka moja kwa moja kwa Mjomba. Naye Kilatini hakijui, lakini aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka kwenye faili lake la kijani.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Ernest alisoma seminari miaka minane. Mwezi wa tano anarudi kutoka Dar, atatusomea kikaoni mbele ya wote."

Ernest ni mpwa wake, ndiye katibu wa ukoo. Nilipanda mlima nikiimba. Mjomba ni mtu mwema, sijui kwa nini nilimdhania vibaya.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Mama hakuuliza nilikwenda wapi.

Alhamisi, 20 Machi

Mwandiko huu nisamehewe.

Juzi niliupiga picha mstari wa Felisita nikamtumia Jane, afurahi naye. Leo saa nne asubuhi amenipigia. Hakuniamkia.

"Mama, hii karatasi umeshaisoma?"

"Nimeiona. Kilatini nitakijulia wapi?"

"Nimeitafsiri kwa simu, halafu nikamuuliza na mwalimu wetu mmoja. Imeandikwa: Felisita, msichana wa miaka kama tisa. Wazazi hawajulikani. Kabila halijulikani. Amekombolewa."

"Amekombolewa kutoka wapi?"

"Utumwani, Mama. Mapadri walimnunua."

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Jane akaita, "Mama? Mama, upo?" nami nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Felisita hakuzaliwa na mwanamke yeyote wa ukoo huu. Aliletwa. Kwa sheria ya Mjomba, Katarina alilima shamba la watu, Mama analima shamba la watu, na mimi na Jane hatuna hata pa kuzikwa hapa. Hakuna aliyejua. Aliyekwenda kuitafuta karatasi ni mimi, aliyempelekea Mjomba ni mimi. Miaka yote kazini niliogopa faili lisipotee, na sasa naomba lile la kijani liliwe na panya.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua tangu alfajiri. Sikula.

Jumatatu, 24 Machi

Nilikwenda kwa Mjomba na uongo nilioutunga njiani.

"Shikamoo, Mjomba. Ile karatasi haina mhuri. Nipe nikaigongeshe mhuri misheni."

"Marahaba. Mhuri wa nini tena? Karatasi ya kanisa inatosha."

"Kazini kwetu isiyo na mhuri haipokelewi."

"Huku si kazini kwenu," alisema, akacheka, akagonga mfuko wa shati. Ufunguo wa sanduku umo humo. Alipokuwa akinisindikiza alitazama upande wa chemchemi yetu, akatazama kama mtu anayetazama nguo aliyokwisha kuipima. Si mtu mwema.

Jumamosi, 29 Machi

Kuna ufa kwenye ardhi juu ya nyumba, katikati ya kahawa. Upana wa kidole. Nimechomeka kijiti kila upande ili nipime.

Jumatano, 2 Aprili

Vidole viwili.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia. Nisingeweza kuendelea kula naye chungu kimoja huku nimemuuza.

Mama alikuwa anamenya magimbi. Nilisema yote, Kilatini, Jane, faili la kijani, nikalia. Aliningoja nimalize kupenga kamasi.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba alinunuliwa. Alinisimulia mwenyewe. Alipokufa nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi ndiye niliyekuwa nalala naye."

"Na hukuniambia miaka sitini!"

"Ningekwambia ungeiandika mahali. Wewe huwezi kukaa na jambo bila karatasi."

Ni kweli. Kisha akasimulia, na mimi naandika kama alivyosema, sina tabia nyingine.

Felisita hakulikumbuka jina lake la kwao. Alikumbuka nyumba ya duara, na kwamba alikuwa amekaa akipukuchua mahindi, uso kwa mama yake aliyekuwa jikoni, mgongo mlangoni. Mkono ulitoka nyuma ukamziba mdomo. Kitu cha mwisho alichokiona kwao ni mgongo wa mama yake, kwa sababu na yeye alikuwa ameinamia moto. Hakuna aliyepiga kelele.

Walitembea hata hakujua siku ngapi. Walikuwa watoto wengi, wakabaki wachache. Walipofika mtoni wakakuta mzungu mwenye ndevu hadi kifuani na gauni jeusi. Walisimamishwa, wakaangaliwa meno. Kumi na wawili wakaondoka na yule mwenye ndevu. Wote waliamini wanakwenda kuliwa. Misheni wakapewa uji mtamu, bakuli tele, na hakuna aliyegusa, maana unanenepeshwa ili iweje? Mtoto mmoja tu, mwenye kovu juu ya jicho, alisema afadhali afe ameshiba, akanywa. Felisita alimtazama yule mwenzake mchana kutwa aone kama atakufa. Jioni alikuwa bado hai, ndipo naye akanywa.

"Kuanzia hapo wakawa ndugu," Mama alisema. "Walilala mkeka mmoja mpaka walipoolewa."

Halafu akaniuliza, "Ile karatasi ina mistari mingapi?"

"Kumi na miwili. Mstari wetu ni wa tatu."

"Basi wote wamo," akasema, akaendelea na magimbi.

Nilikasirika. Namwambia tunafukuzwa, yeye anahesabu mistari.

Alhamisi, 10 Aprili

Vidole vinne. Kijiti kimoja kimelala.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa sita mchana jiko la jirani yetu Yunusi limeondoka na udongo. Sauti yake ilikuwa kama watu wengi wanaoburuta magunia, kisha kimya, kisha mkewe akaanza kupiga kelele. Hakuna aliyeumia, mbuzi mmoja tu amefukiwa.

Nilikuwa ndani nikitafuta viatu, kitambulisho, simu, dawa za Mama, na sikuvipata hata kimoja. Nilipotoka nikamkuta Mama na nyonga yake mbovu ameshafika kwenye mkarafuu, kifurushi mkononi. Kifurushi kile nakijua tangu utotoni, huning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango: chumvi, kisu, kipande cha kitenge. Tulikatazwa kukigusa. Katarina alikuwa na cha kwake. Nilidhani ni dawa ya kienyeji na nikiwa msichana niliona aibu mapadri wasije wakakiona. Kumbe ni mzigo wa mtu anayejua kwamba anaweza kuchukuliwa wakati wowote, na safari hii asiondoke mikono mitupu.

Nikamsihi tushuke Kihonda hata leo.

"Nikishuka watasema nimelihama shamba. Mpaka kikao kipite, sitoki."

Kwa hiyo naogopa mlima juu na kikao chini, na mimi ndiye niliyeiamsha hofu moja kati ya hizo mbili.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Hatukwenda misa, njia imekatika. Kengele ya misheni ilisikika kwa mbali na Mama akasimama, kijiko kinywani. Alisimama mpaka ilipokoma. Nilicheka, na yeye akacheka.

"Yeye alikuwa hivyo hivyo. Kengele ya kuamka, ya kusali, ya shamba, ya kula, ya kulala. Alipozeeka hakuna aliyemlazimisha, lakini miguu ilikuwa inasimama yenyewe."

Akanieleza walivyoozwa. Wasichana wa masista mstari huu, wavulana wa mapadri mstari ule, wakatazamana, na padri akapita katikati akiuliza. Felisita aliulizwa na kijana mmoja mfupi, akaitikia kwa sababu viatu vyake vilikuwa visafi. Baada ya harusi kila mume na mke walipewa jembe, sufuria na kipande cha ardhi.

"Wapi?" niliuliza.

"Huku. Upande huu wote ulikuwa msitu."

Mvua ilikuwa kubwa, sikuendelea kuuliza.

Jumapili, 27 Aprili

Mjomba amekuja kumjulia hali Mama na kilo mbili za sukari. Amepanda matope yote hayo na fimbo yake. Alikaa, akauangalia ule ufa, akasema, "Dada, nyumba hii itakuua. Nenda kwa mwanao. Shamba litatunzwa."

"Litatunzwa na nani, kaka?"

"Na ukoo."

"Mimi ni nani?"

Akainua kikombe. Nilimtazama akinywa chai. Kikombe kilikuwa kinagonga meno yake. Na jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote ya kumwamkia: alikuwa amekaa na mgongo ukutani, macho mlangoni. Nikajiambia wazee wote hukaa hivyo.

Alhamisi, 1 Mei

Upana wa kiganja. Nimeacha kupima kwa vidole.

Alhamisi, 8 Mei

Ernest amefika. Nimemwona akipita na begi la kompyuta.

Jumamosi, 10 Mei

Tangu juzi natafuta maneno ya kumwambia Ernest. Sijayapata.

Jumamosi, 17 Mei

Nilimvizia Ernest kwenye duka la misheni. Ni kijana mpole, ananiita dada.

"Zile karatasi umeshaziona?"

"Bado, dada. Mjomba hataki karatasi za watu zisomwe kabla. Anasema haki itendeke mbele ya wote."

Nilitaka kumwambia aruke neno moja. Neno moja tu! Nilifungua mdomo, nikanunua kiberiti.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua imekuwa manyunyu. Nimemwomba Mama asiende, nikamwambia nitasema anaumwa. Amenipa gauni lake la Pasaka nilipige pasi.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya misheni, kabla sijasahau nani alisema nini.

Mama alibebwa na vijana wawili wa Yunusi kwenye kiti. Kifurushi alikuwa nacho mapajani. Ukumbi ulijaa, watu kama themanini, na mezani alikaa Mjomba, Ernest, na mtendaji wa kijiji mwenye fomu zake. Mjomba alisema nyumba yake itakuwa ya mwisho, kwa kuwa mkuu hatangulizi mambo yake. Walianza kusoma. Wengine walitaja mama wanne, wengine watano, wakapita. 

"Nyumba ya Agnes."

Ernest alitoa ile kopi. Akasoma Kilatini kwanza kwa sauti ya kanisani, kisha Kiswahili. "Felisita. Msichana wa miaka kama tisa. Wazazi hawajulikani. Kabila halijulikani." Hapo akapunguza sauti. "Amekombolewa."

Hakuna asiyejua neno hilo lina maana gani likiandikwa na misheni. Watu waligeuka kutuangalia. Nilitaka ule ufa uje unimeze palepale.

Mjomba alishusha pumzi. "Mmesikia wenyewe. Sina chuki na dada yangu, lakini mstari umekatika."

"Haujakatika," Mama alisema. Alikuwa amesimama, mimi sikuona ameinukaje. "Umeanza hapo. Ernest, mwanangu, mbona umeishia kwa bibi yangu? Karatasi ina mistari kumi na miwili. Soma."

"Hiyo haihusiani na kikao," alisema Mjomba.

"Haki itendeke mbele ya wote. Si maneno yako, kaka?"

Ernest alimtazama Mjomba, akatazama watu, akasoma. Bila shaka alidhani anampa bibi kizee heshima tu. "Wa nne. Perpetua. Miaka kama minane, ana kovu juu ya jicho la kushoto. Wazazi hawajulikani. Amekombolewa siku hiyohiyo. Pembeni wameongeza: ameolewa na Dominiko, fundi se..."

Hakumaliza neno. Dominiko fundi seremala ndiye aliyezichonga benchi tulizokuwa tumezikalia. Ndiye babu yake Mjomba. Perpetua ndiye mama wa mama yake Mjomba, na Ernest ni mtoto wa dada yake Mjomba, kwa hiyo alikuwa amejisoma mwenyewe.

"Huyo ndiye aliyekunywa uji kwanza," Mama alisema taratibu, kama tuko jikoni. "Asingekunywa, bibi yangu angekufa njaa, na mimi nisingekuwepo hapa. Benedikto, sijawahi kukuita kaka kwa utani."

Mjomba alishika ukingo wa meza.  Wakati ule ndipo nilipoelewa kikombe kilichogonga meno, na kwa nini miaka yote alikuwa mkali kuliko wote juu ya damu ya ukoo. Alikuwa anajua, au alikuwa anahisi, na alidhani akitufukuza sisi hakuna atakayeuliza habari zake. Nilimchukia kwa miezi miwili. Pale sikuweza tena, maana woga ule ule nilikuwa nao mimi.

Mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Na wa kwetu yumo?" Mwingine akasema, "Soma, Ernest." Akasoma wote kumi na wawili. Kila jina lilipotajwa kuna watu waliinama. Majina tisa yalipata wenyewe mle ukumbini. Matatu hayakupata mtu, na mzee mmoja akavua kofia kwa ajili yao.

Mtendaji akakohoa. "Sasa wazee, kwenye fomu niandike mama wa kwanza nani?"

Wote tulimtazama Mjomba. Angeweza kufunga kikao. Angeweza kuichana ile karatasi, mkono wake ulikuwa juu yake.

"Waandike wote," alisema.

Ernest akavuta fomu ya Mama, akaandika Felisita. Halafu akainua kalamu. "Hapa wanauliza alikotoka, bibi. Niandike haijulikani?"

"Kwa nini isijulikane?" Mama alisema. "Andika: alitoka kwao."

Jumatatu, 26 Mei

Jua. Kijiti kilicholala kimebaki pale pale siku ya nne leo. Mtendaji anasema hati zitachukua miezi, na kuna watu wa ukoo wa bondeni wameanza kusema mashamba ya wote waliotoka misheni yapimwe upya. Kwa hiyo bado naogopa. Mjomba hajatoka nyumbani tangu kikao, na Mama amempelekea uji.

Mchana tulipakua magimbi. Kifurushi kiko kwenye msumari wake. Mama alivuta kigoda kwa shida, akakigeuza, akakaa akiutazama moto, mgongo mlangoni. Alikula mpaka akamaliza. Mimi nilijaribu, sijaweza.